MREJESHO: Programu ya kurekodia muziki nyumbani, nipo Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza nitumie programu gani kwa laptopu ya RAM GB 4, maana nikiimba, sauti inachelewa kwenye hedifoni hadi napotea kwenye biti.

FL Studio nimeiweka kando kwa sasa: toleo la majaribio halifungui tena kazi uliyohifadhi. Nimetulia na Reaper. Ni nyepesi, ina siku 60 za majaribio, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. Naidunduliza.

Kumbe kuchelewa kulitokana na bafa, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huijaza kwanza kabla ya kuitoa! Nimeweka ASIO4ALL, draiva ya sauti ya bure, nikashusha bafa toka sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) 1024 hadi 128. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni toka milisekunde 23 hivi hadi 3. Wakati wa kumiksi naipandisha tena, vinginevyo sauti inakatikakatika.

Juzi mdogo wangu kaimba beti mbili, zimekaa ndani ya mdundo kabisa. Nimefurahi mno! Aliyenishauri niguse bafa kabla ya kununua chochote, asante sana mkuu. Limebaki bati tu, mvua ikinyesha harekodi mtu.