MREJESHO: Paa la madrasa yetu ya zamani, Mji Mkongwe Zanzibar

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kama tuzibe kwa saruji paa linalovuja, wengi mkanikataza. Ahsanteni sana! Fundi mzee naye kasema hivyo hivyo: saruji hufungia unyevu ndani, boriti za mikoko zikaoza kimyakimya. Tulipofukua tukakuta boriti saba zimeoza ncha, pale zinapoingia ukutani. Kwa macho huoni kitu.

Tukaweka mpya, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na udongo mwekundu. Kupiga sakafu, yaani kuishindilia chokaa hiyo ya paa mpaka ishikane, ndiko kulikotaka watu: siku tatu, vijana na akina mama wa mtaani, kwa zamu, nyimbo juu. Nililia kwa furaha.

Juzi mvua imenyesha usiku kucha, ndani hakuna tone. Sasa tunaanza ngazi.