Darasa la kwanza: mnafanyaje watoto wasome wenyewe bila kusimamiwa kila sekunde?

ticha_wa_wadogo

Wadau habari zenu. Nafundisha darasa la kwanza na mwaka huu nimeamua kila siku kuwe na muda wa kusoma, kila mtoto na kitabu chake, sio ile ya kuitikia wote kutoka ubaoni, yaani mtoto achague kitabu, akae, asome mwenyewe. Nimeweka dakika 15 baada ya mapumziko. Kwenye andalio la somo inasomeka vizuri kabisa, darasani ni vurugu tupu. Dakika za mwanzo wametulia, afu mmoja anataka kubadilisha kitabu, mwingine anaomba ruhusa ya chooni na wanne wanakumbuka kumbe na wao wamebanwa, wanaojua kusoma wanapeperusha kurasa chapchap afu "ticha nimemaliza", wasiojua wamekishika kitabu miguu juu kichwa chini wanamwangalia jirani. Na kelele sasa! Nikisema someni kimya midomo bado inatembea, sauti inapanda taratibu mpaka inakuwa kama sijasema kitu.

Sasa nauliza, umri huu kweli wanaweza kusoma kimya? Na wale ambao hata silabi bado zinawasumbua niwape nini muda huo? Afu kuna mwenzangu kanishauri nitoe stika kwa kila kitabu mtoto anachomaliza, mnaonaje hilo. Vitabu ninavyo vichache na vingine vimechoka. Mwenye uzoefu anisaidie maana mwalimu mkuu ameanza kupita pale dirishani anaangalia saa.

chaki_na_vumbi

Ticha pole. Ila dakika 15 kwa kuanzia ni nyingi mno. Anza na 2 au 3, usicheke, nasema kweli. Unawaambia leo tunasoma kidogo tu, wanaanza, wewe umesimama unaangalia, ukiona wawili watatu wameanza kutoka kwenye mstari unasimamisha darasa zima hapohapo, bila kugomba, mnakusanyika mnaongea nini kimetokea, mnajaribu tena. Kesho unaongeza dakika moja, au huongezi kama jana ilikuwa ngumu. Ukiwaacha waendelee wakati wameshachoka wanachojifunza ni kuigiza kusoma, na mtoto wa miaka 6 akiamua kuigiza ni hodari kuliko unavyodhani, kichwa kimeinama, ukurasa unafunguliwa kwa wakati wake, hamna kinachoingia.

Hii ya kutembeatembea dawa yake ni kumaliza kuchagua KABLA. Kila mtoto awe na mfuko wake, au boksi lililokatwa ubavu, au hata bahasha kubwa ya kaki, ndani vitabu vitatu mpaka vitano. Siku ya kubadilisha ni siku nyingine kabisa na saa nyingine. Muda wa kusoma ukianza hakuna mtu anayesogea kwenye rafu, kilichomo kwenye mfuko wako ndo unacho. Chooni waende kabla. Mahali pa kukaa wachague kabla, wakishakaa wamekaa.

Na "nimemaliza" ifute kwenye kamusi ya darasa lako. Wafundishe kitabu kina njia tatu za kukisoma, kusoma picha, kusoma maneno, na kukisimulia tena kwa maneno yako kutoka mwanzo. Aliyemaliza moja anaanza nyingine, na aliyemaliza zote anarudi ukurasa wa kwanza, maana kusoma kitabu kilekile mara ya nne mara ya tano ndo kunamfanya mtoto aache kujikwaa. Sisi wakubwa ndo tunaboreka na marudio, wao hawaboreki, mtoto anaweza kuomba hadithi ileile kila usiku na ole wako uruke sentensi.

Hayo yote usiyatangaze tu, yaonyeshwe. Muite mtoto mmoja mbele aonyeshe kusoma VIBAYA, kwa makusudi, arushe kitabu, apige stori, darasa litacheka mpaka basi, afu mwambie huyohuyo aonyeshe vizuri. Mchague yule mtundu hasa. Wataona kumbe anajua.

bi_mkutubi

Naongezea kwenye kelele maana naona chaki hakuigusa.

Hapana, wengi wao hawawezi kusoma kimya na usiwalazimishe. Msomaji mchanga anahitaji kujisikia. Anaanza kwa sauti, afu ananong'ona, afu midomo inatembea bila sauti, afu ndo macho peke yake, na hiyo ya mwisho mara nyingi inakuja wameshavuka darasa la kwanza. Kwa hiyo ule mnong'ono unaokuudhi ndo kazi yenyewe inafanyika. Unachosimamia ni kiwango, yaani sauti inayofika sikioni kwako na isifike kwa jirani. Kuna mbinu nzuri sana, unachukua elbo mbili za bomba la plastiki, zile kona za mafundi bomba, unaziunganisha, inatokea kitu kama mkono wa simu ya mezani, mtoto anaweka ncha moja mdomoni nyingine sikioni. Akinong'ona anajisikia kwa nguvu kabisa. Sauti ya darasa inashuka yenyewe kwa sababu ukipiga kelele mle unajiumiza mwenyewe. Zioshwe tu, mafua yanasafiri.

Kuchagua kitabu: mnaijua ile ya vidole vitano, mtoto anafungua ukurasa, kila neno linalomshinda anakunja kidole, vikiisha vitano kitabu ni kigumu. Darasa la kwanza mi naona vitano ni vingi sana, ukurasa wenyewe unaweza kuwa na maneno nane! Viwili, vitatu basi. Ila kama mtoto anakitaka kitabu kigumu kwa sababu kina picha ya papa, mwachie awe nacho kimoja kwenye mfuko. Asome papa.

Vitabu vichache sio kesi kubwa kama unavyodhani. Vionekane majalada, sio migongo, mtoto asiyejua kusoma mgongo wa kitabu haumwambii chochote. Na vipange kwa mambo wanayoongea, wanyama, magari, vya kuchekesha, vya kutisha kidogo. Ukivipanga kwa rangi za ngazi za ugumu tu, wiki haiishi wanajua nani yuko rangi ya chini, na wanaambiana.

kalamu_nyekundu

Mi nitakuwa mbishi kidogo mnisamehe.

Mwaka 2000 kule Marekani ilitoka ripoti ya jopo linaitwa National Reading Panel, walipitia tafiti nyingi za kufundisha kusoma. Kusoma kwa sauti kwa kurudiarudia huku kuna mtu anayekuongoza, wakasema kunasaidia. Kusoma kimya peke yako bila mwongozo, wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kunaongeza ufasaha. Hawakusema kunadhuru, lakini na sifa hawakukupa. Na hapo wala hatujagusa mtoto ambaye bado anaunganisha b na a. Huyo ukimkabidhi kitabu umwambie soma mwenyewe dakika 15 umempa dakika 15 za kukaa. Kila siku. Zijumlishe kwa mwaka. Na mwenzake anayejua kusoma muda huohuo anasoma kweli, kwa hiyo unazidi kuwatenganisha. Mi muda huo ningefundisha herufi na silabi bila kuona aibu.

ticha_wa_wadogo

Sasa nifute? Maana nilishaanza kutafuta maboksi 😅

chaki_na_vumbi

Usifute. Kalamu yuko sahihi na ndo maana inabidi usome lile neno lake vizuri, BILA MWONGOZO. Shida ni mwalimu kukaa mezani anasahihisha madaftari wakati wao "wanasoma". Wakishazoea kutulia wewe unazunguka, unachuchumaa kwa mtoto mmoja, akusomee kidogo, unamsikiliza, unamfundisha kitu kimoja tu, kimoja, unaandika kwenye daftari lako, unahamia kwa mwingine. Dakika 3 mpaka 5 kwa mtoto. Siku moja unafikia wachache tu, sawa, ila wale wanaochechemea uwapitie mara nyingi kuliko wengine, usigawe sawasawa kama pipi. Anayejiweza akiona wiki imepita hujafika kwake hatokufa.

Na wasiojua kusoma bado mfuko wao una vitu tofauti. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanawapa vitabu vilevile. Mpe vijitabu vyenye silabi ulizokwisha kufundisha tu, kama mmefika m, b na k basi kitabu kiwe cha mama na baba na kaka huko, asikutane na mbw wala ng' wakati hujamfikisha. Mpe kadi za silabi. Mpe karatasi ya wimbo mnaoimba kila asubuhi, maneno yapo kichwani tayari sasa anayatafuta kwa kidole. Mpe hadithi aliyokusimulia yeye mwenyewe ukaiandika kama alivyosema, sentensi tatu nne, hiyo ataisoma kwa majivuno. Mpe kitabu cha picha bila maneno. Na mpe kile ulichowasomea wewe darasani jana, asimulie. Huyo hakai bure.

Afu usisahau upande wa pili. Kiswahili mtoto akishakamata silabi anatamka chochote utakachomwekea, anatiririka, mgeni akija darasani anasema huyu anasoma. Muulize sasa nani kafanya nini kwenye hiyo hadithi, anakuangalia tu. Huyo naye anahitaji kuongozwa, tena huyo ndo anasahaulika kabisa kwa sababu hakusumbui.

kalamu_nyekundu

Hapo nakubali. Ila hiyo sio kusoma huru tena, hayo ni mafundisho.

chaki_na_vumbi

Iite utakavyo mkuu, mradi kitabu kiko mkononi mwa mtoto.

mama_wawili

Mi sio mwalimu ni mzazi tu napita. Kuhusu stika, shule anayosoma wa kwanza wangu walikuwa na chati ukutani, kila kitabu nyota moja. Mtoto akawa anarudi nyumbani na vitabu vifupi kuliko vyote, vya ukurasa una neno moja, anavifyeka vitano kwa mkupuo ili ajaze mstari wake amzidi rafiki yake. Nikimuuliza kinahusu nini anasema "ni cha tatu leo". Chati ilipoondolewa akaacha kuleta vitabu kabisa kwa muda. Siwalaumu walimu, nia ilikuwa nzuri.

bi_mkutubi

@mama_wawili hiyo ipo kabisa kwenye utafiti. Lepper, Greene na Nisbett mwaka 1973 walichukua watoto wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, kundi lingine walipewa cheti bila kuambiwa mapema, la tatu hawakupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tu darasani anayetaka achore, wale walioahidiwa zawadi walichora kidogo kuliko wenzao. Kuchora kulishakuwa kibarua.

Sasa sisemi stika ni sumu, kwa mtoto ambaye hataki hata kukigusa kitabu labda inaweza kumsogeza kidogo. Ila kwa darasa zima la watoto ambao wengi bado wanaona kitabu ni kitu cha maajabu, unawalipa kwa kitu wanachokipenda bure, ya nini? Badala yake mwishoni wape dakika 2 wageukiane wawili wawili, kila mtu amwonyeshe mwenzake ukurasa uliomchekesha au uliomshangaza. Utaona kesho yake kitabu hicho kinagombaniwa. Hakuna tangazo la kitabu linaloshinda mtoto mwenzako aliyekicheka.

mpita_njia

Vitabu vichache? African Storybook na StoryWeaver, tovuti zote mbili ni bure, zina hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo, zimepangwa kwa ngazi, na leseni zake zinaruhusu kuchapa na kugawa. Hata kuzitafsiri unaruhusiwa. Pitia kwanza kabla hujachapa kwa sababu zingine lugha yake imekwenda kombo. Afu karatasi moja ya A4 ukiikunja na kuikata katikati inatoa kijitabu cha kurasa 8, waandike na kuchora wenyewe, viingie kwenye rafu pamoja na vingine.

ticha_wa_wadogo

Jamani asanteni sana, elbo za bomba nazitafuta wallah. Kesho naanza na dakika 3. Bado moja, kuna mtoto anakariri kitabu chote, anakisoma hata akiangalia dari. Huyo nimchukulieje? Na mwalimu mkuu nimwambieje.

chaki_na_vumbi

Anayekariri usimkatishe tamaa, kukariri ni hatua, maana yake amesikiliza vizuri na anajua kitabu kinavyokwenda. Mwambie tu kidole kiwe chini ya neno analolisema. Kikimaliza mstari kabla ya mdomo au mdomo ukitangulia atashtuka mwenyewe, hapo ndo anaanza kuangalia herufi. Afu chagua neno moja katikati ya ukurasa, liandike kwenye kikaratasi pembeni, muulize ni lipi. Akilijua nje ya kitabu chake amesoma. Asipolijua umeshapata somo lake la dakika 3.

Mwalimu mkuu mkaribishe ndani akae na mtoto mmoja amsikilize akisoma. Ila asubiri mwezi upite kwanza, wiki hii ukimkaribisha atakuta dakika 3 zimeisha kabla hajavuta kiti.