Pua imeziba usiku kucha, sudoefedrini nimeze kabla au baada ya kula?

PuaNzito: Wakuu, habari zenu. Sipati usingizi, nahemea mdomoni. Nataka kuanza vidonge vya sudoefedrini, miligramu 60 mara tatu kwa siku. Nimeze kabla ya kula au baada?

Mfamasia_Zamu: Chakula si hoja. Presha yako ikoje? Na puani umetumia nini, kwa muda gani?

Sungura1851: Mkuu, dawa hiyo huzibua pua kwa kubana mishipa ya damu, kwa hiyo elewa kwanza kinachoibana. Neva za simpathetiki (zinazofanya kazi bila hiari yako) humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kwenye ukuta wa mshipa, misuli laini inakaza. Mwaka 1851 mwanafiziolojia Claude Bernard alikata neva hiyo shingoni mwa sungura, sikio likajaa damu na kupata joto. Mwaka uliofuata mwanafiziolojia mwingine, Brown-Séquard, aliichochea kwa umeme, sikio likapauka!

Mfamasia_Zamu: Sawa, ila mwenye uzi hajajibu.

PuaNzito: Presha juzi ilikuwa 158 kwa 96. Puani ni matone ya oksimetazolini tu, miezi minne sasa, kila baada ya saa tatu. Lakini vidonge nimeshanunua.

Kiasi_Kiasi: Miezi minne! Watu tusome karatasi ya dawa jamani.

Pima_Kwanza: Hii stori ni ya kutunga. Oksimetazolini hubana mishipa hadi saa 12. Mtu aweke kila saa tatu na pua bado izibe?

Mfamasia_Zamu: Hajatunga. Ndiyo maana matone yale kikomo chake ni siku tatu hivi. Vipokezi, yaani sehemu za mshipa zinazoipokea dawa, vikichochewa mfululizo huacha kuitika. Dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka, utando unavimba, mtu anaongeza matone. PuaNzito, sudoefedrini huachilia noradrenalini kwenye neva za mwili mzima, si puani tu. Kwa presha hiyo usiiguse. Acha matone tundu moja kwanza. Leo hii anza flutikasoni ya kupuliza (steroidi ya kupunguza uvimbe puani), mipulizo miwili kila tundu mara moja kwa siku, ncha ielekee upande wa sikio, isigonge ukuta wa katikati. Nguvu yake kamili huchukua siku kadhaa, usikate tamaa. Suuza kwa maji ya chumvi, maji yachemshwe kisha yapoe. Tundu hilo likifunguka, acha la pili. Presha ipimwe tena umekaa kimya dakika 5, umwone daktari wiki hii.

PuaNzito: Hata nusu kidonge, usiku tu?

Mfamasia_Zamu: Hata nusu. Hupandisha presha, na hukunyima usingizi huohuo unaoutafuta.

PuaNzito: Basi tundu la kulia naanza leo.