Tupeane uzoefu: wimbo gani wa ugenini ulikufungulia lugha?

Wakuu, salamu. Nianze mimi.

Nilialikwa harusi mjini Sur, Oman. Usiku ngoma ikatoka uwanjani: mpiga zumari katikati, wanaume wakimzunguka taratibu, na ile ngoma ndefu inayosimamishwa chini. Nikamuuliza mzee mmoja jina la ngoma hiyo ndefu, kwa Kiarabu kidogo nilichokuwa nacho. Akajibu, "Msondo." Nikamrudishia swali, akarudia: msondo! Nilipotega sikio nikaanza kuyanasa maneno ya Kiswahili ndani ya wimbo. Mzee mwenyewe Kiswahili hakijui. Aliyapokea maneno kwa baba yake, naye kwa babu, watu waliotoka kwetu kwa majahazi, wengi wao utumwani. Akanishika mkono niketi karibu nimfasirie. Mengine nilimpa, mengine yalikwishachakaa midomoni hata mimi sikuyatambua. Tulikaa hadi karibu na alfajiri na machozi yalinitoka. Mchezo huo mzima wanauita liwa.

Nani mwingine?

Mdau wa Kigoma
Mkuu, hilo jina limenishtua, maana kwa Kilingala liwa ni kifo. Sisi tumekua na rumba ya Kongo, tunaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kujua tunasema nini. Kuna wimbo tuliupiga harusini kwa dada yangu, ukumbi mzima ukasimama. Miaka baadaye nikaenda Kinshasa kikazi, nikajifunza lugha sokoni na kwenye teksi, siku moja nikausikia tena redioni. Liwa. Mawa, yaani huzuni. Mtu anamlilia mwenziwe aliyezikwa! Tangu hapo sehemu ya maneno naisikiliza nimeketi, nainuka sebene ikiingia, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea.

Wa Mombasa
Na kwetu liwa ni ule mti wa kunukia, unasagwa bibi harusi akasingwa. Neno moja, harusi na msiba, subhanallah.

Mtoto wa Unguja
Mimi ni Addis Ababa. Azmari, mwimbaji wa jadi wa huko, anapiga masinko, uzi wake mmoja wa singa za farasi, na anamtungia mgeni beti papo hapo. Zamu yangu ilipofika watu wakaangua kicheko. Jirani akanitafsiria: nimesifiwa kuwa nimetoka baharini, chumvi ingali mwilini. Nikashukuru. Akasema subiri, hiyo ni nta tu. Washairi wa Kiamhari wana nta na dhahabu: maana ya juu ni nta, ya ndani ndiyo dhahabu, kama sonara anavyoyeyusha nta ili dhahabu ikae mahali pake. Basi dhahabu yangu ilikuwa hii: mgeni ana chumvi, mbona chungu chetu hajakitia?

Nimelelewa kwenye mafumbo ya taarabu, sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Nikainuka, nikaenda kumtunza kama tunavyotunza kwetu. Huko noti unambandika msanii kwenye paji la uso.