Jina la nani likae kwenye jalada, la babu au langu?

Kijana wa Pangani:
Wakuu, salaam. Babu yangu ana mashairi tele kichwani, hajawahi kuyaandika. Nimemrekodi kwa simu, nikayaandika yote. Sasa kasheshe: penye beti alizosahau nimejazia mwenyewe ili mizani 16 itimie na vina vikae. Na mengine anasema aliyapokea kwa mwalimu wake akayageuza. Tunataka kuchapa. Rafiki yangu anayesoma fasihi kanirushia Roland Barthes, Mfaransa aliyetangaza miaka ya 1960 kwamba mwandishi amekufa, maana iko kwa msomaji. Kama kafa, si naweka jina lolote tu?

Bi Mkeka:
Mwanangu, Barthes alikuwa akigombana na wahakiki waliodhani ukijua maisha ya mtu umeshaijua kazi yake. Vitabu vyake mwenyewe vilitoka na jina lake juu! Afadhali Foucault, mwanafalsafa Mfaransa mwenzake. Katika mhadhara wake wa 1969 aliuliza jina la mwandishi lina kazi gani, akakumbusha kwamba zamani lilihitajika pia ili apatikane wa kuadhibiwa. Basi jiulize: shairi likimkera mtu hapo mtaani, atagongewa mlango nani?

Kijana wa Pangani:
Babu, bila shaka 😂

Nahodha Mstaafu:
Hayo ya Ufaransa tunayo hapa pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuacha diwani. Mashairi yake yalikusanywa baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari Taylor, na Hichens akayachapa mwaka 1940. Hakuna anayesema "mashairi ya Hichens". Lakini mtazame Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, 1903, ni kazi yake, jalada likampa Mjerumani Carl Velten. Mtoro alingoja hadi tafsiri ya Kiingereza ya 1981 ndipo jina lake likapanda juu. Wewe usije ukawa Velten wa babu yako.

mtu_wa_faili:
Falsafa tamu, ila andikianeni makubaliano na babu mapema, mashahidi wawepo, kisha muende COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Akishaondoka, wajomba watakumbuka ghafla kwamba nao walitunga.

Bi Mkeka:
Kweli kabisa. Jalada liwe la babu, chini yake "yamekusanywa na kuhaririwa na" wewe. Mwalimu wake mtaje kwenye utangulizi, na shairi lake lioneshe. Ulipojazia tia mabano ya mraba, msomaji aone. Ila kabla ya hayo yote, msomee kwanza, asije akakutana na maneno yako kitabuni.

Kijana wa Pangani:
Nimemsomea, Bi Mkeka. Nyingi kazikataa, kasema zina harufu ya shule. Ubeti mmoja nilioutunga mimi toka mwanzo hadi kituo kaupenda, kauimba mara mbili, na sasa anaapa aliutunga kabla sijazaliwa. Huo nao nitie mabano?

Nahodha Mstaafu:
Thubutu!