Pembe za mbawakawa: kila kipimo cha mwili kinanipa mteremko tofauti

Mwanafunzi, Moshi
Habari za kazi, wanajukwaa. Ninachunguza mbawakawa dume wenye pembe wanaopatikana kwenye samadi ya mazizi ya Kibosho. Nimechora grafu ya logi (logarithimu) ya urefu wa pembe dhidi ya logi ya ukubwa wa mwili. Nikitumia urefu wa mwili napata mteremko mmoja (yaani mwinuko wa mstari wa grafu), nikitumia upana wa kifua napata mwingine, na nikitumia uzito mteremko unashuka chini ya 1. Je, pembe huongezeka kwa kasi kuliko mwili, au la?

Mtafiti wa wadudu, Arusha
Ndugu yangu, tuanze na uzito, maana hapo hesabu iko wazi. Uzito hufuata ujazo, na ujazo hupanda kwa kipeo cha tatu cha urefu. Kwa hiyo pembe inayolingana na mwili itakupa mteremko wa 0.33 dhidi ya uzito, wala si 1 kama ilivyo dhidi ya urefu au upana. Ukipata 0.6, pembe tayari imezidi uwiano.

Urefu wa mwili mimi siuamini. Mdudu akikauka huinamisha kichwa na pingili za tumbo huingiana, ilhali gamba la kifua halibadiliki tena akishakomaa. Tumia upana wa kifua. Kumbuka pia kwamba unalinganisha wadudu wakubwa na wadogo waliokwisha kukomaa, hufuatilii ukuaji wa mmoja wao.

Mtumishi wa maabara, Moshi
Naafiki, ila pembe yenyewe nayo iangaliwe. Ikiinama nyuzi 20 chini ya hadubini, picha huonyesha takriban asilimia 94 tu ya urefu wake. Tena pembe ndefu mara nyingi ndizo zilizopinda, hivyo ukipima moja kwa moja kutoka shinani hadi nchani unawapunja madume wakubwa na kuushusha mteremko. Fuata mpindo wake.

Vilevile, rigresheni ya kawaida (njia ya kupitisha mstari katikati ya nukta za grafu) huchukulia kwamba kipimo cha mwili hakina kosa. Kikiwa nalo, mteremko hupungua. Wapo wanaougawanya kwa r, yaani namba inayoonyesha vipimo viwili vinavyokwenda pamoja kwa kiasi gani, ili 1 iwe 1.25 r ikiwa 0.8, lakini njia hiyo huhesabu hata tofauti halisi za wadudu kuwa ni kosa la upimaji. Afadhali upime kila mdudu mara mbili bila kutazama namba ya kwanza, ulijue kosa lako.

Mwanafunzi, Moshi
Asanteni sana. Waliohifadhiwa kwenye spiriti niwachanganye na waliokauka?

Mtafiti wa wadudu, Arusha
Kwa upana wa kifua, unaweza. Kwa uzito, hapana.