Lenzi za zamani na kitulizaji mtikisiko kilichomo ndani ya Pentax K-70

Binti wa Rau (Moshi):
Habari zenu, ndugu wapiga picha. Nimenunua Pentax K-70 bila lenzi, na baba mdogo amenipa lenzi zake mbili za enzi za filamu: SMC Pentax-M 200mm f/4, na zumu ya SMC Pentax-A 70-210mm f/4. Ninapenda kuwapiga mbega katika msitu wa Rau, ambako mwanga huwa hafifu hata mchana. Muuzaji ameniambia kwamba kitulizaji, yaani chombo kinachozuia picha isiwe na ukungu mkono unapotetemeka, hakitafanya kazi kwa sababu lenzi hizi hazina chombo hicho ndani yake. Je, ni kweli? Nami nikichungulia kwenye kidirisha cha kutazamia cha kamera, mbega anaonekana akitetemeka vilevile.

Fundi wa Sombetini (Arusha):
Dada, hayo aliyokuambia muuzaji ni kweli kwa kamera za Canon na Nikon zenye kioo, ambazo kitulizaji chake hukaa ndani ya lenzi. Pentax ilifuata njia nyingine tangu K100D ya mwaka 2006: kinachosogezwa ni kihisi chenyewe, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, hivyo kila lenzi inayoingia kwenye mdomo wa K (mahali pa kufungia lenzi kwenye kamera za Pentax), ambao umekuwepo tangu 1975, inanufaika.

Kutetemeka unakokuona ni jambo la kawaida. Mwanga unaofika jichoni mwako hugeuzwa na kioo kabla ya kukifikia kihisi, kwa hiyo utulivu utauona katika picha iliyokwisha kupigwa.

Sharti ni moja, nalo ni zito: kamera ijue urefu wa fokasi, yaani zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi. Lenzi za kisasa huutaja zenyewe. Hizo zako haziutaji, ndiyo maana kamera inakuuliza namba unapoiwasha. Kwa lenzi ya kwanza andika 200, wala usiizidishe kwa 1.5 kwa sababu ya udogo wa kihisi, maana kamera inakijua kihisi chake. Kila ubadilishapo lenzi, hakikisha namba ya lenzi iliyotangulia haikubaki.

Lenzi hiyo ya M inahitaji pia uruhusu kwenye menyu matumizi ya pete ya tundu (pete ya lenzi inayopanua au kubana njia ya mwanga), uweke kamera kwenye hali ya M, yaani ya kupanga kwa mkono, kisha ubonyeze kitufe cha kijani ili kamera ipime mwanga.

Binti wa Rau:
Asante sana, kaka. Sasa zumu niiandikie namba gani, ilhali urefu wake unabadilika kila ninapoivuta?

Mwalimu wa Machame:
Binti yangu, andika urefu utakaoutumia wakati huo, na ukiwa huna nafasi ya kubadilisha, afadhali namba ndogo kuliko kubwa. Mtikisiko uleule wa mkono huisogeza picha juu ya kihisi kwa kadiri ya urefu wa fokasi. Ukiandika 70 huku umevuta hadi 210, kamera itaondoa theluthi moja tu ya mtikisiko, na hiyo ni faida ndogo lakini ni faida. Ukiandika 210 huku umerudi 70, kihisi kitasogea mara tatu ya inavyotakiwa, na picha itaharibika kuliko kama ungekizima kitulizaji kabisa.

Ningependa pia uzingatie kwamba kitulizaji hutuliza mkono wako, hakimtulizi mbega. Kwa 200 mm kwenye kamera hii, kanuni ya zamani, ya kugawanya sekunde moja kwa urefu wa fokasi (hapa ukizidishwa kwa 1.5 kwa sababu ya udogo wa kihisi), inadai kasi ya 1/300 ya sekunde hivi. Kwa msaada wa kitulizaji unaweza kushuka hadi 1/60 iwapo mnyama ametulia akitafuna majani, lakini akianza kuruka kutoka tawi hadi tawi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) uipate 1/500 au zaidi.

Fundi wa Sombetini:
Naongezea dogo: ukiiweka kamera kwenye stendi, zima kitulizaji.

Binti wa Rau:
Shikamoo mwalimu, na asante kaka. Zumu nitaiacha kwenye 210 wakati wote nikiwa msituni, na namba nitaiandika hiyohiyo.

Mwalimu wa Machame:
Marahaba. Hilo linafaa, ilmradi usisahau kuishusha namba siku utakapoirudisha 70 kupiga mandhari.